Ampea Nyingi Si Mshono Imara

Karibu kila mteja anayeleta fremu ya trela iliyopasuka kwa mara ya pili katika karakana yetu, Eneo la Viwanda, Nairobi, huja na maelezo yaleyale: fundi wa kwanza alilehemu kwa moto mdogo, kwa hiyo safari hii ongeza moto, mshono ushike. Ni kweli kwamba moto mdogo mno huacha mshono usioshikamana na chuma, lakini ampea, yaani kiasi cha umeme anachoweka fundi kwenye mashine anapotaka kuongeza moto, peke yake haikuambii ni joto kiasi gani limeingia. Joto hilo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea, kisha kugawanya kwa mwendo wa elektrodi, yaani kijiti cha kulehemia. Fundi mwenye volti 24 na ampea 120, anayekwenda milimita 150 kwa dakika, huingiza takriban kilojuli 1.15 kwa kila milimita ya mshono, kabla ya kutoa joto linalopotea. Akianza kuyumbisha elektrodi huku na huku hadi mwendo ukashuka kufikia milimita 75, joto huwa maradufu, ilhali mashine haijaguswa. Katika chuma cha nguvu ya juu, joto la ziada huchelewesha kupoa, chembe za chuma zilizo kando ya mshono hukua, na uimara hupungua hapohapo, pasipoonekana kasoro yoyote. Ndiyo maana nawasumbua wanagenzi wapige mishono myembamba iliyonyooka, kisha wapime kwa rula urefu wa mshono uliotoka katika kila elektrodi, maana mshono mfupi huonyesha mwendo wa polepole.

Mshono wa chuma kinene hujazwa tabaka juu ya tabaka, na wapo wanaoumwagia maji ili tabaka linalofuata lisichelewe. Chuma chenye kaboni nyingi kikipozwa ghafla huwa kigumu na chepesi kupasuka, na ufa unaosababishwa na haidrojeni, gesi inayonaswa ndani ya chuma wakati wa kulehemu, huweza kujitokeza baada ya saa nyingi, mzigo ukiwa tayari barabarani.

Wengine hukadiria kwa macho, wakidai kwamba chuma kisichokuwa chekundu kimepoa. Wekundu huanza kuonekana kwenye nyuzi 500 za Selsiasi hivi, ilhali kikomo cha kawaida cha joto la chuma kabla ya kuanza tabaka linalofuata, kwa vyuma vingi vya ujenzi, ni takriban 250, na kwa chuma cha pua cha kawaida mara nyingi ni 150 hadi 175. Chaki ya kupimia joto haina gharama ya kutisha.

Kuhusu dai la wengine kwamba Nairobi hakuna baridi ya kulazimu kupasha chuma moto kabla ya kulehemu, bamba nene hunyonya joto haraka hata jua likiwaka, na asubuhi za Julai hapa si za jua. Tena joto hilo la kupasha kwanza ni kiwango cha chini kinachodumishwa hadi tabaka la mwisho. Fundi akirudi kutoka kula mchana, apime upya kabla ya kuwasha elektrodi.