Lugha Nyepesi za Kuandikia Programu: Dhana Potofu na Ukweli

Vijana wengi jijini Mwanza wanaotaka kujifunza kuandika programu za kompyuta huuliza kwanza lugha ipi ni nyepesi, na majibu wanayopewa mara nyingi yamejengwa juu ya dhana zisizo sahihi.

Wapo wanaoamini kwamba lugha nyepesi ni ile yenye maneno machache. Hesabu inawakatalia: lugha ya C, kwa kiwango chake cha mwaka 1989, ina maneno maalumu 32, ilhali Python ya leo ina 35, na bado anayeanza huizoea Python upesi zaidi. Kinachomlemea mwanafunzi ni wingi wa mambo anayolazimika kuyajua kabla ya kuona tokeo la kwanza. Programu ya kuonyesha salamu, inayohitaji mstari mmoja katika Python, katika Java ya kawaida hutanguliwa na maneno kama "public static void", ambayo mwalimu humwambia ayanakili tu, maelezo yatakuja baadaye.

Wengine huiona lugha nyepesi kuwa ya kuchezea. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, hufanya kazi polepole kuliko C katika mahesabu makubwa, lakini Instagram ilijengwa kwayo.

Dhana ninayoipinga zaidi ni kwamba lugha isiyolalamika mtu anapokosea ndiyo inayomfaa mwanagenzi. Kijana mmoja niliyemfundisha alitaka kumrahisishia hesabu mama yake, anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Kwa JavaScript, aliandika programu inayopokea bei ya ndoo na kuijumlisha na shilingi 500 za mbebaji. Aliingiza 12000, akaletewa 12000500. Lugha ilikuwa imeipokea bei kama maandishi, ikayabandika maandishi na namba pamoja bila kusema neno, naye akashinda mchana kutwa akitafuta kosa katika hesabu ambayo haikuwa na kosa. Tulipoiandika upya kwa Python, programu iligoma palepale, ikataja mstari wenye tatizo na kueleza kwamba maandishi hayajumlishwi na namba.

Hata hivyo, Python nayo si malaika: kama zile 500 nazo zingeingizwa kwa kibodi, ingeziunganisha vivyo hivyo, kimyakimya, mpaka kijana azigeuze zote mbili kuwa namba kwa amri ya "int".