Algoriti si programu

Wiki iliyopita kijana mmoja anayejifunza kuandika programu aliniletea kompyuta yake akiwa na huzuni, akasema, "Algoriti yangu imekataa kufanya kazi." Nilipotazama nikakuta mstari wa kwanza haukuishia kwa nukta pacha (:), jambo ambalo lugha ya Python hailisamehe. Algoriti yake ilikuwa bado haijafikiwa hata kidogo. Kauli ya namna hiyo nimeisikia darasani, redioni na kazini mara nyingi mno, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Algoriti ni mfuatano wa hatua zilizo wazi na zenye kikomo, ambazo yeyote anayezifuata kama zilivyo hufikia jibu la swali la aina fulani. Programu ni maandishi yanayoiagiza kompyuta itekeleze hatua hizo, kwa lugha iliyotungwa kwa kazi hiyo. Algoriti moja inaweza kuandikwa kwa Python, kwa Java, au kwa kalamu ya risasi nyuma ya daftari, na ikabaki ileile.

Anayetaka kuona jinsi vitu hivi viwili vilivyo mbali aitazame historia ya neno lenyewe. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alikuwa mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Jina lake la mwisho ni nisba, kama vile mtu wa Shiraz anavyoitwa Shirazi: maana yake ni mtu wa Khwarizm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Hiyo "al" ya mwanzo ni ileile tuliyoipokea sisi katika alfajiri, alasiri na Alhamisi. Ndiye aliyeandika kitabu kilichoupa ulimwengu neno aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu hesabu za mirathi, yaani nani apate fungu gani baada ya marehemu kuzikwa.

Kitabu chake kingine kilieleza namna ya kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi, pamoja na ile tunayoiita sifuri, neno ambalo nalo tulilitoa kwa Waarabu. Nakala ya Kiarabu imepotea, lakini katika karne ya 12 kilitafsiriwa kwa Kilatini, na tafsiri hiyo inaanza kwa maneno *Dixit Algorizmi*, yaani "Amesema al-Khwarizmi". Wasomaji wa Ulaya waliosikia jina hilo kila mara likiambatana na namna mpya ya kuhesabu, hatimaye wakaiita namna hiyo kwa jina la mtu. Kwa karne nyingi neno hilo lilimaanisha tu kuhesabu kwa tarakimu hizo, kwa mkono, tarakimu moja baada ya nyingine, kabla mtu yeyote hajaota mashine ya umeme.

Hapa ndipo Kiingereza kilipoingiza kosa ambalo bado linawasumbua wanafunzi wetu. Neno lilipokwisha kuzoeleka bila th, waandishi walidhani asili yake ni Kigiriki, wakalifananisha na *arithmos*, yaani namba, ndipo likavikwa th isiyo yake, likawa *algorithm*. Logaridhimu, neno jingine la hisabati, ni ya Kigiriki kweli: John Napier wa Uskoti aliitunga na kuitangaza mwaka 1614 kwa kuunganisha *logos* na hiyo *arithmos*. Kwa hiyo maneno haya mawili yanafanana kama ndugu ilhali hayana damu moja, na anayeyachanganya ana udhuru. Wapo wanaonicheka ninapoandika "algoriti" wakisema nimeangusha th. Nami nawajibu kwamba jina la mzee al-Khwarizmi halikuwa na th tangu mwanzo, na Kiswahili kwa kuliandika hivyo hakijakosea.

Nirudi kwa kijana. Swali lake lilikuwa kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawa zote mbili bila baki, kazi ambayo Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, aliieleza miaka ipatayo 2,300 iliyopita. Tulipotia nukta pacha programu ikaenda. Akajaribu 84 na 36, ikatoa 12, ambalo ni jibu sahihi, naye akafurahi. Nikamwambia ajaribu 252 na 105. Ikatoa 42, na 42 haiigawi 105. Sasa akasema, "Programu imeharibika."

Haikuharibika. Ilitii kila alichoandika, ila alikuwa ameiagiza igawe mara moja tu na kulichukua baki la kwanza kuwa jibu, na kwa 84 na 36 bahati ilimkubali. Algoriti ya Euclid haiishii hapo: 252 ukiigawa kwa 105 baki ni 42; 105 kwa 42 baki ni 21; 42 kwa 21 baki ni sifuri, na ile namba uliyogawia mara ya mwisho, yaani 21, ndiyo jibu. Tuliyaona haya kwa kuandika kwenye karatasi, kompyuta ikiwa imefungwa, na tusingeweza kuyaona kwa kukagua alama za uandishi hata tungekesha.

Siku ile aliyataja makosa mawili na kila moja akalipa jina la lingine. Nilimwomba, kwa upole, kwamba mashine inapokataa mstari aseme programu ina kosa, na inapokubali kila mstari kisha ikatoa 42 badala ya 21, hapo ndipo aseme algoriti yake ina kosa.