Nani atalipa pale mgonjwa asipoweza kulipa?

Januari 20, 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ilipofika Julai 1 mwaka huohuo, USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, lilikuwa limeacha kabisa kutoa misaada. Tangu hapo, wajumbe wa bodi za asasi wananiuliza swali lilelile: kwa nini na sisi tusigeuke biashara jamii, tuuze huduma, tujitegemee?

Kazi yangu ni uhasibu. Nakagua mahesabu ya asasi za kiraia, nyingi zikiwa za afya na elimu. Naliheshimu swali hilo, maana wanaoliuliza wameshuhudia wahudumu wakirudishwa nyumbani na wagonjwa wakikuta milango imefungwa. Lakini kabla ya kulijibu nataka tujibu jingine linalolitangulia. Yule mnayemhudumia, anao uwezo wa kulipa? Na kama hana, nani atalipa kwa niaba yake?

Ukifuata njia ya fedha, aina tatu za taasisi tunazozichanganya kila siku zinajitenga zenyewe.

Asasi ya hisani inapokea kwa mmoja ili impe mwingine. Anayelipa siye anayehudumiwa, na hapo ndipo penye nguvu yake na udhaifu wake. Inaweza kumfikia mtu asiye na senti. Lakini duka likihudumia vibaya litakosa wateja mwezi huohuo, ilhali asasi inayohudumia vibaya inaweza kudumu miaka mingi, ilimradi ripoti ya robo mwaka imfikie mfadhili kwa wakati. Mama aliyehudumiwa ovyo hana pa kulipeleka lalamiko lake. Kwa hiyo ninapokagua siridhiki na risiti na hati za malipo peke yake. Nauliza pia kama bodi imewahi kukaa na wale wanaohudumiwa ikawasikiliza.

Mfuko wa hisani ni mali iliyotengwa. Mtaji unawekezwa, yanayotolewa ni mapato yake. Marekani sheria inaitaka mifuko ya watu binafsi kutoa kila mwaka kiasi kisichopungua takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zake, ili fedha zilizosamehewa kodi zisigeuke akiba ya ukoo. Rockefeller Foundation ilianza mwaka 1913 na bado inatoa. Gates Foundation imechagua njia nyingine. Mwaka 2025 ilitangaza kwamba itatumia mali yake yote na kufunga milango Desemba 31, 2045. Njia zote mbili zina hoja nzito, ila kwa asasi ya Mwanza au Kisumu tofauti ni kubwa: fedha za kundi la kwanza zitakuwepo hata kwa wajukuu, za kundi la pili zina tarehe ya mwisho.

Biashara jamii inauza. Mteja analipa, na ziada inarudi kwenye lengo badala ya kugawiwa wenye hisa. Uingereza tangu 2005 ina aina maalumu ya kampuni kwa ajili hiyo, na sheria inaifungia mali yake isije ikahamishiwa mifukoni mwa watu. Tanzania hatuna aina hiyo. Unachagua ama kampuni ya kawaida, ama asasi chini ya sheria ya asasi zisizo za kiserikali ya mwaka 2002. Tena marekebisho ya 2019 yalizitoa kwenye usajili wa kampuni zile kampuni za dhamana, yaani zisizo na hisa, zilizokuwa zikifanya kazi za asasi, zikatakiwa zijisajili kama asasi. Mtu anayetaka kuuza kwa ajili ya jamii analazimika kuvaa moja kati ya nguo mbili ambazo hakuna hata moja iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Hili ni jambo la kudai kwa wabunge, na nashangaa asasi zetu hazilidai kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa turudi kwenye swali la nani alipe. Mfano mzuri tunao hapahapa Dar es Salaam.

CCBRT, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1994, inatibu fistula bila malipo. Fistula hutokea pale uchungu wa uzazi unapokwama kwa muda mrefu bila upasuaji. Kichwa cha mtoto kinabana nyama za ndani, zinakufa, tundu linabaki, na mama anavuja mkojo, au hata kinyesi, mchana na usiku. Wengi hutengwa na waume zao na majirani. Upasuaji unaweza kumrudishia maisha yake. Lakini kwa miaka mingi, hata matibabu yakiwa bure, vitanda havikujaa. Mwanamke wa kijijini hakuwa na nauli ya kufika Dar es Salaam, na mara nyingi hakujua kwamba tatizo lake linatibika.

Mwaka 2009 hospitali ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa. Balozi, yaani mtu wa eneo lile anayeaminika, anamtambua mgonjwa na kupiga simu. Fedha zinaingia kwenye simu ya balozi, anakata tiketi na kumpandisha mgonjwa basi. Mgonjwa akishafika hospitali, balozi analipwa kifuta jasho kidogo. Kama mhasibu naupenda sana mpangilio huu. Nauli inakwenda moja kwa moja palipokuwa na kizuizi, na malipo ya balozi yanasubiri mgonjwa aonekane mlangoni, hivyo anayelipwa kwa kumleta ana kila sababu ya kuhakikisha amefika.

Haya, nionyesheni biashara ndani ya mpango huo. Hamna. Huyu mama hawezi kulipa upasuaji, hawezi kulipa nauli, na aghalabu hata simu si yake. Kila shilingi lazima itoke kwa mtu mwingine.

Hapo huwa naambiwa: mbona Aravind, hospitali ya macho ya India, imeweza? Kweli imeweza, na inafaa kuielewa vizuri. Dakta Govindappa Venkataswamy aliianza mwaka 1976 mjini Madurai kwa vitanda 11. Wanaoweza hulipa, na ziada yao inabeba upasuaji wa macho wa wale wasioweza, ambao hutibiwa bure au kwa bei ndogo mno. Mwaka 1992 waliongeza kiwanda chao, Aurolab, kinachotengeneza lenzi za kupandikiza kwa sehemu ndogo tu ya bei ya zile zilizokuwa zikiagizwa kutoka nje.

Lakini tazama ugonjwa wenyewe. Mtoto wa jicho humpata tajiri na humpata maskini. Upasuaji wake ni mfupi na unafanana kwa kila mgonjwa, kwa hiyo daktari mmoja anahudumia wengi kwa siku na gharama ya kila mmoja inashuka. Tajiri yumo kwenye foleni ileile, ndiyo maana anaweza kumlipia maskini. Kwenye foleni ya fistula hayumo. Mwanamke mwenye usafiri na hospitali jirani hupasuliwa mapema, mtoto akatoka salama na tundu halikutokea. Ugonjwa usiowapata wenye fedha hauna wa kuubeba kwa bei.

CCBRT yenyewe inalijua hilo. Ina kliniki binafsi kwa wanaolipa, na mapato yake yanasaidia kupunguza mzigo wa wasioweza, huku michango ya wafadhili ikiendelea kuhitajika. Kwa hiyo ninapoketi na bodi nazikataa kauli za jumla kama “tuwe endelevu”. Tunachukua kila huduma peke yake na kuandika jina la mlipaji. Chekechea ya mjini inaweza kuwa na wazazi wanaolipa. Viungo bandia kwa watoto wa vijijini, pengine hapana. Asasi inayolazimisha huduma zake zote zilipiwe itaendelea kuishi, lakini polepole itawahama maskini na kuwafuata wenye uwezo, huku tamko la dhamira ukutani likiwa halijabadilika hata neno.

Je, kwa zile huduma zisizo na mlipaji tubaki tunasubiri uchaguzi wa Marekani? Pwani tumekuwa na jibu jingine kwa karne nyingi, nalo ni wakfu. Mtu anatenga nyumba au shamba la minazi. Mali haiuzwi, hairithiwi, na kodi au mazao yanakwenda kwa msikiti, chuo cha Kurani, mayatima au maskini. Mji Mkongwe wa Zanzibar una nyumba nyingi za namna hii, na zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana chini ya sheria ya mwaka 2007. Ugonjwa wake mkubwa unaonekana kwa macho. Kodi ni za chini sana, ukarabati wa mawe na boriti ni ghali, jengo linachakaa na mapato yanakufa nalo. Mtaji usiotengewa fedha za matengenezo hujila wenyewe. Hata hivyo msingi wake ni imara, na haufungwi na dini moja. Kenya, KCDF (Kenya Community Development Foundation), iliyoanzishwa mwaka 1997, imekuwa ikizisaidia jamii kujenga mifuko yao ya kudumu.

Kinachozuia asasi nyingi kuanza ni namna fedha zinavyoingia. Karibu zote zina masharti: za mradi huu, hadi tarehe hii, na zinazobaki zirudi. Ndiyo maana unakuta taasisi yenye mabilioni kwenye mizania, lakini mradi ukisitishwa ghafla haina mishahara ya miezi miwili. Wakati huohuo watu wetu wanachangia harusi, misiba na vyumba vya madarasa, wanatoa zaka na sadaka, na ni asasi chache zilizowahi kuwagongea mlango.

Kwenye bajeti ijayo naziomba bodi mistari miwili tu. Mmoja wa akiba isiyo na masharti, inayokua hadi ifikie mishahara ya miezi sita. Mwingine wa michango ya ndani kwa ajili ya mtaji usioguswa, hata ukianza na laki chache, wenye wadhamini wake na akaunti yake, na ukaguzi wake ubandikwe mahali ambapo aliyechangia elfu tano anaweza kuusoma.