Kwa nini mama wa kwenye filamu za Iran analala na mtandio

Anayeanza kutazama filamu za Iran hachelewi kuuliza: mbona huyu mama yuko chumbani kwake, mlango umefungwa, na bado kajifunga mtandio? Hata katika nyumba iliyoshika dini barabara, mke havai hijabu mbele ya mumewe wala mbele ya mwana aliyemzaa.

Chanzo ni kanuni za sinema zilizowekwa baada ya mapinduzi ya 1979. Serikali inasema mwigizaji haonwi na mume wa kwenye hadithi tu. Anaonwa na ukumbi mzima wa wanaume ambao si maharimu wake. Basi afunike nywele hata kitandani. Na kwa kuwa wanaoigiza mama na mwana hawana undugu wa damu, mama hamkumbatii mwanawe hata akirudi kutoka vitani. Muswada wa filamu hupitiwa na wizara ya utamaduni kabla ya kupigwa picha, na filamu ikikamilika huombewa kibali kingine cha kuonyeshwa. Hata kibali si kinga: mwongozaji Tahmineh Milani alikamatwa mwaka 2001 kwa filamu ambayo wizara ilikwisha kuiruhusu.

Waongozaji wengi walikimbilia nje ya nyumba, barabarani na ndani ya magari, ambako mwanamke aliyejifunika haonekani kioja. Abbas Kiarostami alipiga filamu yake ya 2002, "Ten", ndani ya gari mwanzo hadi mwisho. Abiria mmoja, msichana aliyekataliwa na mwanamume aliyetarajia kuolewa naye, anausogeza mtandio nyuma. Kichwa amekinyoa. Analia huku anatabasamu. Kwangu mimi, ujasiri wa dakika hizo chache haujapungua nguvu hadi leo.

Niseme wazi: wako Wairani wengi wanaovaa hijabu kwa imani yao, na hakuna anayewadai waivue. Kinachopingwa ni dola kumshurutisha msanii.

Baada ya kifo cha Mahsa Amini, msichana aliyefia mikononi mwa polisi wa maadili waliomkamata kwa ajili ya hijabu, Septemba 2022, baadhi ya waigizaji waliacha kutii. Taraneh Alidoosti alitoa picha yake akiwa kichwa wazi, na Desemba akakamatwa.

Kisha Maryam Moghaddam na Behtash Sanaeeha wakairudisha kamera nyumbani. Filamu yao, "My Favourite Cake", inamhusu mjane wa miaka 70 wa Tehran aliyechoka upweke. Anamkaribisha dereva wa teksi wa rika lake; wanakula, wanakunywa mvinyo, wanacheza muziki, naye mtandio hana. Ilipooneshwa kwenye tamasha la filamu la Berlin, Februari 2024, waongozaji hao walikuwa wamenyang'anywa pasipoti. Mwigizaji wao, Lily Farhadpour, ndiye aliyewasomea waandishi wa habari ujumbe wao.