Mbwa haoni nyeusi na nyeupe tu

Watu wengi huku Dar wanaamini mbwa anaona nyeusi na nyeupe tu, kama TV za zamani. Rangi anaziona jamani, ila chache kuliko sisi. Kwenye jicho kuna seli za kutambua rangi, binadamu wengi tuna aina 3, mbwa ana 2, kwa hiyo bluu na njano anazitofautisha vizuri tu, shida ipo kwenye nyekundu na kijani, hizo kwake zinakaribiana sana, ndo maana mpira mwekundu ukidondoka kwenye majani anahangaika kuutafuta kwa pua. Ukienda Kariakoo kumnunulia mpira chukua wa bluu, nakushauri kabisa. Ila gizani anatuzidi mbali.

Unaweza kupima mwenyewe home. Tafuta vibakuli viwili saizi moja, cha bluu na cha njano, vifunike chini, vyote vipake harufu ya nyama ila zawadi iwe chini ya bluu tu, halafu kila mara badilisha upande uone kama bado anaenda kwenye bluu. Tumia bluu iliyokolea na iliyopauka pia, maana anaweza kuwa anafuata mwangaza, sio rangi.