Tofauti za kinasaba za kirusi cha herpesi: maana yake

Jua la Oktoba linapochoma hapa Dodoma, wapo ambao midomo yao huota malengelenge madogo, yakapasuka yakawa kidonda. Chanzo mara nyingi ni kirusi cha herpesi simpleksi. (Mkanda wa jeshi huletwa na kirusi kingine, ingawa ni cha ukoo huohuo.)

Kipo kwa aina mbili. Ya kwanza imezoeleka mdomoni, ya pili sehemu za siri; lakini ya kwanza nayo hufika sehemu za siri, machoni, na mara chache hata kwenye ubongo. Ndani ya kila aina kuna nasaba nyingi, na tofauti za kinasaba ndizo zinazozitenganisha. DNA ya aina ya kwanza, yaani maelekezo yake ya urithi, ni kama andiko la herufi 152,000 hivi. Linganisha virusi vya watu wawili wasiohusiana: hapa herufi imebadilika, pale kipande kinachojirudia ni kirefu kwa huyu na kifupi kwa yule.

Je, kuna nasaba ya mdomoni na nasaba ya sehemu za siri? Mkulima wa zabibu wa Hombolo akikata pingili za mzabibu mmoja akazipanda mashamba mawili, shamba moja linaweza kustawi kuliko jingine, lakini mzabibu ni uleule. Kirusi kilichohama kutoka sehemu moja ya mwili wa mtu kwenda nyingine nacho hubaki karibu vilevile. Kinachobadilika ni makao. Kilichoingilia mdomoni hujificha kwenye fundo la neva ndani ya fuvu. Cha sehemu za siri hujificha kwenye mafundo ya neva chini ya mgongo, kisha hurudi kwa njia ileile. Ndiyo maana kidonda hupenda kurudi palepale. Aina ya kwanza ikikaa sehemu za siri hurudi mara chache kuliko ya pili. Inaniuma ndoa inapovunjwa kwa sababu ya kidonda kimoja, maana mahali kilipotokea hapasemi kirusi kiliingia lini wala kilitoka kwa nani.

Pingili hazitoshi kueleza yote. Nasaba mbili zikikutana ndani ya seli moja hubadilishana vipande, kama mahindi ya majirani yanavyochavushana. Aina ya pili imekutwa na vipande vya aina ya kwanza, ishara kwamba ziliwahi kukaa mwili mmoja.

Tofauti nyingi hazimdhuru mgonjwa. Inayotisha ni ile inayoharibu jeni (kipande cha DNA) la kimeng'enya, kichocheo cha kirusi chenyewe kinachoiamsha asaiklovia, dawa ya herpesi: kirusi huendelea kuzaliana ingawa mgonjwa anameza vidonge. Hutokea zaidi kwa wenye kinga dhaifu, na hapo daktari hulazimika kutafuta dawa inayofanya kazi bila kimeng'enya hicho.