Wakuu msaada, kodi (code) inagoma: ntakusaidiaje kama sioni unachokiona?

"Wakuu naombeni msaada, kulogini kunagoma", alafu chini yake picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imepinda, nusu yake mwanga wa taa. Hiyo posti naikuta karibu kila nikifungua grupu la watu wanaotengeneza tovuti. Ukishuka kwenye komenti unakuta watu wanabahatisha tu, huyu anasema cheki databezi, yule anasema ni sesheni hiyo, mwingine anasema achana na hiyo hamia Laravel (fremuweki ya kujengea tovuti). Hakuna anayejua kitu maana hakuna aliyepewa kitu cha kujua.

Mi mifumo ya wavuti ndo kazi yangu na kujibu maswali ya namna hii nimeshazoea, na nikiangalia yanayopata majibu chapchap na yale yanayozeeka bila hata komenti moja, ugumu wa swali wala hauhusiki. Swali gumu lenye taarifa zake linajibiwa mapema kuliko swali jepesi lisilo na kitu. Ninachotaka toka kwako ni uniwezeshe hilo kosa litokee na kwenye mashine yangu, au kama haiwezekani basi nioneshe ulichokiona we mwenyewe, kama kilivyo, usikichuje.

Kwenye kuchuja ndo wengi wanapokwama. Chukua hili maana linajirudia sana. Una ukurasa, JavaScript yake inaomba data ya JSON (maandishi yenye mpangilio maalum wa kubebea data) kwenye seva kwa amri ya fetch, na Console, sehemu ya brauza inayoonesha makosa, inakuandikia: Unexpected token '<', "<!DOCTYPE "... is not valid JSON. Muulizaji anakuja kutuandikia "JSON yangu inaleta kosa", basi, alafu anapesti faili zima la PHP (lugha inayorun upande wa seva) linalotengeneza hiyo JSON, refu kweli, na lile faili wala halina shida. Ujumbe wenyewe ulikuwa ushamwambia: kilichorudi kinaanza na alama ya <, yani seva imerudisha ukurasa wa HTML pale ulipotegemea JSON. Sasa ni ukurasa gani? Bonyeza F12, nenda Network, rifreshi, bonyeza lile ombi, soma namba iliyorudi alafu fungua Response uone kilichomo kwa macho yako. Ukikuta 404 basi anwani uliyoandika siyo yenyewe, mara nyingi kuna folda umesahau au mkwaju (/) umezidi. Ukikuta 500 kodi ya upande wa seva imeanguka, hapo kafungue faili la logi la seva, huku kwenye brauza hutapata sababu. Na kuna ile inayochanganya watu kuliko zote, unakuta 200 safi kabisa alafu ndani ni fomu ya kulogini, hiyo ni kwamba sesheni yako imeisha, seva ikakuridairekti, na fetch ikafuata hiyo ridairekti kimyakimya bila kukuuliza.

Na usishangae kwanini haikuingia kwenye catch (pale kodi inapokamata makosa) mapema. Kwa fetch, 404 na 500 siyo kushindwa, maadamu jibu limerudi yenyewe inaona kazi imeisha, kwahiyo kucheki response.ok kabla ya kuita response.json() ni juu yako. Watu wengi wakifika hapa kwenye Network hata hawarudi kuuliza tena, jibu wanalo.

Kama bado limekugomea, punguza kodi kabla hujaileta. Kopi mradi wako pembeni, anza kufuta, futa menyu, futa mitindo, futa kila kisichohusika, na kila ukifuta jaribu tena. Kosa likiendelea kuwepo endelea kufuta, likipotea ghafla basi kile ulichofuta mwisho ndo mtuhumiwa. Ukibakiwa na mistari michache inayoonesha kosa hiyo ndo ulete, na iwe maandishi tafadhali, picha siwezi kuikopi nikairun. Kama ni HTML, CSS na JavaScript tu, iweke CodePen au JSFiddle utupe linki, mtu anafungua anaona anarekebisha palepale. Usitutumie zip ya mradi mzima, hakuna mtu mwenye akili timamu anayefungua zip ya mtu asiyemjua.

Sema pia uko kwenye mazingira gani. Kuna swali maarufu la "kwenye kompyuta yangu picha zinaonekana, nikipandisha kwenye seva hazionekani", watu wanaweza kuzunguka nalo siku nzima, kumbe jamaa angeandika tu kwamba anatengenezea Windows na seva ni Linux angejibiwa kwa mstari mmoja: faili linaitwa Logo.PNG na kwenye kodi umeandika logo.png, Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inajali. Toleo la PHP nalo litaje, kuna mambo yalikuwepo kwenye 5 yakafa kwenye 7.

Alafu jamani, paswedi. Mtu anapesti faili la .env lote, jina la databezi, paswedi yake, ufunguo wa malipo, kila kitu hadharani. Ukishaipesti kuifuta hakutoshi, hesabu kwamba imeshasomwa na imeshakopiwa, nenda kabadilishe huo ufunguo sasa hivi, posti utahangaika nayo baadae.

Aina nyingine ya swali inayonichosha (na kunifurahisha pia, sitadanganya) ni ile ambayo mtu anauliza njia badala ya safari. Anauliza "natoaje koma ya mwisho kwenye string?", anapewa majibu ya slice, ya regex, watu wanabishana kabisa ipi ina spidi, mpaka atokee mmoja amuulize we hiyo koma unaitolea nini? Kumbe anajenga JSON kwa mkono kwa kuunganisha maneno ndani ya loop. Hapo koma siyo tatizo lake, anahitaji JSON.stringify inayomtengenezea JSON yenyewe, au json_encode kama yuko kwenye PHP, na akishaitumia hiyo koma haitokuwepo kabisa, na zile alama za nukuu ambazo zingemsumbua kesho nazo zimeisha. Kwahiyo ukiuliza taja na unachotaka kufikia, usiishie kwenye kipande ulichokwama.

Sasa tugeuke upande wetu sisi tunaojibu, maana nako kuna shida zake. Jibu baya kuliko yote ni lile linalofuta ujumbe wa kosa bila kugusa kosa. Mfano wake mzuri ni CORS, utaratibu wa brauza wa kuruhusu au kukataa kusoma data ya domeni nyingine. Mtu anasema brauza inamkatalia kusoma data kutoka domeni nyingine, anatokea mjuzi anamwambia weka mode: 'no-cors'. Anaweka, maandishi mekundu yanapotea, anashukuru, alafu baada ya muda anarudi "mbona data inakuja tupu?" Lazima iwe tupu, kwa no-cors unapewa jibu lililofungwa ambalo JavaScript yako hairuhusiwi kulisoma. Ungemwambia ukweli toka mwanzo, kwamba anayezuia ni brauza, ndomana kwenye Postman (programu ya kujaribia maombi ya seva) inakubali maana Postman siyo brauza, na ruhusa inatoka kwenye seva kwa kutuma heda ya Access-Control-Allow-Origin. Kama seva siyo ya kwake basi aombe hiyo data kupitia seva yake mwenyewe. Hilo jibu ni refu kidogo ila ndo linamsaidia.

Majibu ya zamani nayo ni mtego. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya kodi, ipo toka 2008, ukigugo swali la PHP unaweza kuletewa jibu lenye kura kibao linalotumia mysql_query, na hizo fankisheni ziliondolewa kabisa kwenye PHP 7 iliyotoka 2015. Ukimpa mtu linki angalia tarehe yake kwanza. Na ukiona kwenye kodi yake anaunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya SQL, au anahifadhi paswedi kwa md5, mwambie hata kama hakuuliza, kwa sentensi moja, prepared statements (data inatumwa mbali na SQL) na password_hash (ya kuhifadhi paswedi), alafu rudi kwenye swali lake. Usimuache na swali lake ukaanza kumhutubia.

"Nicheki inboksi" siipendi hata kidogo. Ukimmalizia huko, kesho anakuja mwingine na kosa lilelile anakuta uzi umeishia kwenye "nimekucheki mkuu". Na haya majibu ya kukopi toka kwa akili mnemba, Stack Overflow waliyapiga marufuku Desemba 2022, ChatGPT ikiwa bado mpya kabisa, sababu yenyewe yanaonekana mazuri na mengi siyo sahihi. Mi siwezi kumkataza mtu kuitumia, ila kama hiyo kodi hujairun sema hujairun.

Na we uliyeuliza, likishakubali usituandikie "tayari wakuu, asanteni" ukapotea. Lilikuwa nini? Hariri posti yako ya kwanza uongeze pale juu, mstari mmoja tu unatosha, mfano "ilikuwa RewriteBase kwenye .htaccess, niliacha / wakati mradi uko kwenye folda ya /duka/, nimebadilisha imekubali".